Neno la Mhariri: Pengo la Bajeti Lina Mbebaji

Toleo hili tumelitenga kwa fedha za shule za umma za Migori na Homa Bay. Tunaamini kwamba shule inayokopa ili ifunge hesabu haijasawazisha bajeti, imehamisha pengo tu.

Tangu 2018 kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa amewekewa kapitesheni, yaani mgao wa serikali, ya shilingi 22,244 kwa mwaka: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi, aliyewahi kuwa mbunge wa Suba Kusini huko Homa Bay, aliiambia Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa kwamba Hazina inamudu takriban shilingi 16,900 kwa kila mwanafunzi. Tupige hesabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 500 inapungukiwa na zaidi ya shilingi milioni 2.6 kwa mwaka.

Mwalimu mkuu akikaa na bodi ya usimamizi (BOM), pengo hilo hutafutiwa wa kulibeba. Hulibeba mfanyabiashara aliyetoa mahindi na maharagwe kwa mkopo. Hulibeba mwalimu wa BOM, kijana ambaye Tume ya Huduma za Walimu (TSC) haijamwajiri, anayefundisha hisabati bila kujua atalipwa lini. Hulibeba mtoto anayerudishwa nyumbani kufuata pesa ya chakula, kwa mzazi wa Mbita anayetegemea omena au wa Awendo anayesubiri miwa inayochukua zaidi ya mwaka kukomaa. Wote hawa wanaikopesha serikali, na hakuna aliyewaomba ridhaa.

Wapo wanaozitaka shule zikaze mkanda. Ni kweli, idadi ya wanafunzi inayoripotiwa iwe halisi na matumizi yabandikwe ukutani kila mzazi asome. Lakini usimamizi mwema hauwezi kuzaa pesa ambazo hazikuletwa. Na hata pesa zinazofika, zikichelewa, shule inakuwa imeshanunua kwa deni, na mwenye kukopesha huongeza bei.

Msimamo wetu ni huu. Hazina iseme wazi kiasi inachomudu na ikitume kabla ya kengele ya kwanza ya muhula. Kinachopungua, Bunge likijadili hadharani na kukitafutia chanzo, kwa sababu Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na haki hiyo haikuwekewa sharti la mwaka wa neema. Bodi nazo, zikilazimika kupunguza, zianze na safari na sherehe. Chakula na mwalimu viwe vya mwisho kuguswa.

Nawe mzazi, mkutano wa shule ukiitishwa, nenda. Uliza mambo mawili: shule inadaiwa kiasi gani, na inadaiwa na nani? Usiondoke kabla hujajibiwa.