Ziwa Tanganyika limepanda: tumlaumu nani?

Tangu mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019, ndugu zetu wa Uvira na Kalemie wameona ziwa likimeza barabara, nyumba na hata majengo ya ibada. Mwaka 2024 maji yalipita kimo cha mita 777 juu ya usawa wa bahari. Baada ya ibada tunasikia majibu matatu: ni adhabu ya Mungu; ni moshi wa viwanda vya nchi tajiri; ni mto Lukuga umeziba.

Bahari hupanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na barafu za nchi kavu huyeyuka. Ziwa letu silo hivyo. Lenyewe hupanda pale mvua na mito, kama Ruzizi, inapoleta maji kuliko yale yanayokauka kwa jua na kutoka kwa Lukuga. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto la kupita kawaida, mvua zikamiminika kwetu. Ilikuwa hivyo pia mwaka 1961, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa karibu na kimo cha mwaka 2024. Joto la dunia huzidisha ukali wa mvua za namna hii, lakini halikuzianzisha.

Wanaoitaja Lukuga nao wana sababu. Stanley alipofika mwaka 1876 alikuta njia hiyo imeziba; miaka kama miwili baadaye maji yalipasua, na ziwa likashuka mita nyingi. Basi tuchimbe? Ziwa lina kilomita za mraba karibu 32 900. Kulishusha sentimita moja tu ni kuondoa zaidi ya mita za ujazo milioni 300, tena nchi nne zinaligawana.

Jibu la nne halisemwi sana, kwa kuwa linatugusa. Maji ya 1964 yaliposhuka, tulijenga pale yalipokuwa. Viwanja vilipimwa, hati zikatolewa, na sisi wachungaji tukaenda kuweka mawe ya msingi. Anayemwambia mjane aliyepoteza nyumba kwamba ni dhambi zake anawafichia waliomuuzia kiwanja hicho.

Sasa waliohama wanatafuta pa kujenga upya, na viwanja vya karibu na maji vimekuwa bei ndogo. Kabla ya kanisa lolote kununua, wazee wa 1964 wangali hai: waitwe waonyeshe maji yalifika wapi.