Rufaa ya Saratani Ipewe Msimamizi

Mgonjwa wa saratani anayetoka Newala kwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa hakosi watu wa kumwelekeza. Daktari wa wilaya humwandikia rufaa, maabara humpa majibu, dirisha la bima humtuma dirisha jingine, na hospitali kubwa humpangia tarehe. Anachokosa ni mtu mmoja anayeijua safari yote, wa kuulizwa mambo yanapokwama. Kwa maoni yetu mtu huyo ni muuguzi, na kila hospitali ya Masasi na Newala inayotoa rufaa hizi imteue wa kwake.

Upasuaji wa namna hii huanza wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kuingia thieta. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe lazima kipimwe na majibu yarudi. Picha zipigwe. Sukari na presha zishushwe. Aliyepungukiwa damu atibiwe mapema, na ndugu wa kumchangia damu wajulikane. Aliyekonda ale chakula cha kumjenga, mvuta sigara aache. Dawa zote anazotumia, za dukani na za mitishamba, zitajwe kabla ya nusukaputi, maana nyingine huzuia damu kuganda. Likisahaulika jambo moja upasuaji huahirishwa, na uvimbe hauahirishi kukua.

Kwa mtu wa uwanda wa Makonde, kuahirishwa kunauma zaidi. Ni kweli Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, imeleta huduma za kibingwa karibu. Lakini wapo ambao bado hupelekwa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na safari hiyo ni ya kutwa nzima au zaidi kwa basi. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mwenye tarehe ya upasuaji wiki ile alihitaji mtu wa kupiga simu wodini ili asifutwe kwenye orodha. Kuna pia hesabu ya nyumbani: nani ataokota korosho, nauli ya wawili itatoka wapi kabla ya mnada, na ndugu wa kumuuguza atalala wapi?

Muuguzi mratibu ndiye wa kuyashika haya. Awe na daftari la kila mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya saratani, na simu ya ofisi. Ahakikishe majibu ya kinyama yanafika kabla mgonjwa hajafunga safari. Aulize mapema bima inalipia nini, na asiye na uwezo amfikishe kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya siku ya kulazwa. Mgonjwa akirudi nyumbani, muuguzi amfuatilie kidonda na tarehe ya kliniki.

Kazi nyingine ni mazungumzo. Daktari akisema titi lote litaondolewa, au kizazi kitatolewa, si kila mzee ataelewa kwa Kiswahili cha hospitali. Muuguzi anayejua Kimakonde, Kimakua au Kiyao atafafanua. Tena katika jamii hizi za ukoo wa mama, neno la mjomba lina uzito sawa na la mume au kulizidi. Kama mgonjwa ataridhia, mjomba na mume waketi na muuguzi wiki mbili kabla. Wasije kulisikia jambo hilo asubuhi ya upasuaji na kuanza kuvutana. Saini ya mwisho ni ya mgonjwa mwenyewe.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na wilaya zikapata waratibu wake. Kazi yao ni kuhakikisha aliyeanza dozi anaimaliza, na asiyefika kliniki anafuatwa. Daktari Karel Styblo alisaidia kuujenga, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likausambaza utaratibu uliotokana nao kwa mataifa mengine. Tulichokifanya kwa kifua kikuu, saratani inakistahili pia.

Ushahidi wa saratani yenyewe upo. Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Harold Freeman aliwapa wagonjwa maskini wa hospitali ya Harlem, New York, watu wa kuwaongoza tangu uvimbe ulipotiliwa shaka. Kabla ya hapo, kati ya wanawake 100 waliopatikana na saratani ya matiti, 39 tu walikuwa hai miaka 5 baadaye. Uongozi huo ulipoambatana na uchunguzi wa bei nafuu, walifika 70.

Tutaambiwa wauguzi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii isibandikwe juu ya zamu za wodi kwa mtu aliyekwisha kuchoka. Apewe siku maalumu za wiki na apunguziwe zamu za usiku. Tarehe ya thieta inayopotea hupoteza muda wa wauguzi wengi zaidi.

Halmashauri nne za Masasi na Newala ziingize vocha za simu, nauli ya ufuatiliaji na mafunzo mafupi kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Wizara ya Afya iandike majukumu ya mratibu huyu kwenye mwongozo wake wa rufaa. Nawe mwenye mgonjwa, usiondoke hospitalini na karatasi peke yake: dai jina na namba ya simu ya muuguzi atakayemfuatilia.