Umeweka Linux? Anza na Python, C itakusubiri

Haya wadau, ubishi wa bwenini bado unaendelea: ukishaweka Linux, ujifunze lugha gani ya programu? Wazee wa C wanasema C tu, maana keneli aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 imeandikwa kwa C. Ni kweli. Rust nayo ilikubaliwa humo mwaka 2022, ila C ndiyo imejaa.

Lakini jamani, nani kati yetu anaenda kurekebisha keneli wiki hii? Sisi wa ualimu tunataka kujumlisha alama za Kidato cha Pili, tupate wastani na nafasi ya kila mwanafunzi. Kwa Python ni mistari michache. Kwa C utahangaika kupanga kumbukumbu mwenyewe, ukikosea kidogo programu inakufa bila kukwambia kisa. Anayeanza anakata tamaa hapo hapo.

Halafu kuna suala la bando. Ubuntu inakuja na Python tayari: fungua dirisha la amri, andika python3, umeanza. Kompaila ya C mara nyingi lazima uipakue. Shule isiyo na intaneti utafanyaje?

Tena baadhi ya zana za Ubuntu zenyewe zimeandikwa kwa Python. Unafungua faili, unasoma, unabadilisha. Si ndiyo maana ya programu huria? Mwanafunzi akiona hilo, haogopi tena kompyuta.

C tutaifuata baadaye, tukitaka kujua mashine inafanyaje kazi ndani. Wazee wa C, mnasemaje?