UKURASA WA WAPIGA PICHA: Uso Usipotee Gizani

Katika nyumba nyingi, za mjini na za shamba, hutundikwa ukutani picha ya mzee aliyevaa kanzu nyeupe au shati lake la Jumapili. Kanzu yaonekana barabara, hata mshono wa kifuani waweza kuhesabiwa; lakini uso wenyewe ni doa jeusi lenye meno. Pengine mzee huyo amekwisha kufariki, na picha hiyo ndiyo ya pekee aliyoiacha. Wajukuu huambiwa, "Huyu ndiye babu yenu," nao hubaki kuitazama kanzu.

Watu wengi huitupia lawama ngozi ya mzee. Husema, "Alikuwa mweusi mno, hakutoka." Maneno hayo si ya kweli hata kidogo. Kilichoshindwa ni kamera, au tuseme mtu aliyeishika pasipo kujua jinsi inavyouhesabu mwanga.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala uso. Kimefundishwa jambo moja tu, kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya rangi ya kijivu ya wastani, inayorudisha kama sehemu 18 katika kila 100 za mwanga unaoiangukia. Kanzu safi hurudisha sehemu 80 au zaidi. Basi kipima kikiona weupe mwingi namna hiyo hudhani kuwa mwanga umezidi, nacho huupunguza mpaka kanzu ikaribie ukijivu. Uso, uliokuwa ukirudisha mwanga mdogo tangu hapo, huzama. Mambo hugeuka mtu huyo huyo akiketishwa mbele ya ukuta wa giza: kipima huongeza mwanga kupita kiasi, na uso hutoka umepauka kama uliopakwa majivu.

Dawa yake ni rahisi. Mpiga picha na akaribie mpaka uso peke yake ujae katika kipimo, asome hesabu hapo, kisha arudi mahali pake na kupiga kwa hesabu ile ile. Ikiwa ngozi ni nyeusi sana, apunguze hatua moja, yaani nusu ya mwanga, kwa sababu kipima kitataka kuufanya uso nao uwe kijivu. Mwenye kipima cha mkononi, cha namna ile inayopima mwanga unaoanguka badala ya ule unaorudi, hana haja ya hesabu hizo. Hukiweka karibu na kidevu cha anayepigwa, kikiielekea kamera, akawa amemaliza. Naye atumiaye simu aguse uso kwenye kioo, halafu atelezeshe kidole polepole kuongeza au kupunguza nuru mpaka macho yaonekane vizuri. Kanzu ikipoteza mikunjo yake michache, haidhuru. Hakuna mjukuu atakayeiulizia mikunjo.

Hata hivyo si haki kumlaumu mpiga picha peke yake. Tangu miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilipelekewa kadi ya kipimo yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hiyo iliitwa "Shirley", na rangi zilirekebishwa mpaka ngozi ya bibi huyo ipendeze. Ngozi nyingine zote zilifuata kadiri zilivyoweza. Wanafunzi wa rangi mbalimbali wakipigwa picha moja, weupe walitoka sawasawa, na weusi wakabaki macho na meno. Husimuliwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa kwanza yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana katika picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali hazikuenea mpaka miaka ya 1990. Msomaji na apime mwenyewe jambo hilo, kwamba kabati lilipata wakili kabla ya mtoto.

Lakini filamu haiwezi kuwa kisingizio siku zote, maana walikuwako Waafrika walioweza kazi hii kwa vifaa vichache mno. Aliye mashuhuri kupita wote ni Seydou Keïta wa Bamako, katika nchi ya Mali, iliyoitwa Sudan ya Kifaransa kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Alikuwa seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak Brownie, na mwaka 1948 Keïta alifungua studio yake nyumbani kwake, si mbali na stesheni ya reli. Hakutegemea taa nyingi. Aliwapiga wengi uani, kwa mwanga wa mchana, kwa kamera kubwa ya sanduku iliyotumia filamu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kila mtu alipigwa mara moja tu. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua; baadaye alibadilisha pazia kila baada ya miaka michache, na alipokuwa mzee aliweza kutaja mwaka wa picha kwa kutazama tu maua ya kitambaa kilicho nyuma. Mwaka 1962 alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali, na studio ikafungwa. Alifariki mwaka 2001, baada ya picha zake kutundikwa katika majumba ya sanaa ya New York na Paris.

Pwani ya Afrika Mashariki nako hakukukosa mafundi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na huko Mombasa studio ya N. V. Parekh ilijulikana kwa taa zilizochora kivuli shavuni mithili ya senema.

Anayetaka kujifunza kwa Keïta na aanze na mwanga, wala si na duka la kamera. Jua la Ikweta ni adui wa uso kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Linasimama utosini, na macho hugeuka mashimo mawili, na pua huangusha kivuli juu ya mdomo. Wengi hukimbilia chini ya mwembe, lakini kivuli cha majani kina hila zake; matone ya jua hupenya na kumtia mtu madoadoa kama chui, tena majani na nyasi huutia uso rangi ya kijani. Udongo mwekundu nao huirudisha rangi yake kidevuni. Mahali palipo pema kuliko hapo ni ukingoni mwa baraza. Anayepigwa aketi ndani ya kivuli cha paa, hatua moja tu kutoka pale jua linapoishia, akitazama nje. Mbingu nzima iliyo mbele yake huwa taa kubwa, na uso hung'aa pasipo kukunjamana.

Ndani ya nyumba, taa hiyo ni dirisha. Katika Kenya jua huelekea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba. Basi dirisha la kusini ni jema katikati ya mwaka, na la kaskazini ni jema mwishoni, kwa kuwa halipati jua la moja kwa moja. Anayepigwa aketi ubavuni mwa dirisha, kisha ageuze uso kulielekea kidogo kidogo mpaka kipande cha nuru chenye pembe tatu kitokee juu ya shavu lililo gizani. Wachoraji wa kale walikijua kipande hicho. Wapiga picha hukiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi tangu mwaka 1606 hadi 1669. Upande wa giza ukizidi kuwa mweusi, mtu mmoja ashike shuka nyeupe karibu na shavu hilo, nje tu ya picha. Shuka ya kitanda, ikiwa imefuliwa, hufanya kazi ile ile ya vifaa vinavyouzwa madukani kwa fedha nyingi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe aghalabu huliruka. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Paji, mfupa wa shavu na daraja la pua hurudisha sura ya taa yenyewe, kama maji ya kisima yanavyorudisha mbingu. Taa ikiwa ndogo, mathalani flashi iliyo juu ya kamera, mng'ao huwa nukta kali kama jasho, na sehemu nyingine zote hubaki giza. Taa ikiwa kubwa na karibu, mng'ao huenea taratibu, na kila mfupa ukaonekana. Kwa hiyo mwenye flashi asimwelekezee mtu usoni. Aielekeze kwenye ukuta mweupe au kwenye shuka iliyotundikwa ubavuni, ili nuru irudi ikiwa imepanuka. Dari ya mbao nyeupe yafaa pia. Mabati yaliyoshika moshi hayafai. Mafuta kidogo sana yaliyopakwa juu ya shavu husaidia, lakini jasho na lifutwe kwanza.

Tena taa ina hesabu isiyobembelezeka. Balbu iliyo wazi, ikisogezwa kutoka mita moja hadi mita mbili, haitoi nusu ya mwanga usoni bali robo. Kwa mita tatu, ni sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu katika picha ya jamaa nzima, walio karibu na taa hupauka na walio nyuma hupotea. Taa na irudishwe mbali, umbali wake uwe karibu sawa kwa wote, na weusi zaidi wakae upande wake.

Kuhusu kamera yenyewe maneno machache yatosha, japokuwa vijana wa ofisini hupenda kuyazungumza kutwa. Lenzi ya milimita 85 hadi 105, kwa kamera ya filamu ya milimita 35 au ya dijitali ya ukubwa huo, husifiwa kwa ajili ya uso, na sababu yake ni umbali. Sikio li nyuma ya pua kwa kadiri ya sentimita 12. Kamera ikiwa nusu mita kutoka puani, pua hukuzwa karibu robo zaidi ya sikio. Ikiwa mita mbili, tofauti ni ndogo mno. Lenzi ndefu humlazimisha mpiga picha asimame mbali, wala haina uchawi mwingine. Mwenye simu na arudi nyuma hatua mbili, kisha aikate picha baadaye, na pua ya baba yake itapona.

Yabaki adabu. Mzee haguswi kidevu kama mtoto. Aketishwe kwanza, aamkiwe, aulizwe hali ya nyumbani, ndipo aambiwe, "Mzee, naomba utazame mlangoni kidogo." Kama avaa miwani na kioo chake chang'aa, taa iinuliwe juu zaidi, au mikono ya miwani iinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo viiname. Picha ipigwe wakati anapojibu, kwa kuwa hapo macho huwa na mtu ndani yake. Kisha isiachwe ndani ya simu, ambayo yaweza kuibwa au kutumbukia katika pipa la maji. Ichapwe kwenye karatasi, na nyuma yake yaandikwe jina la mzee, mahali, na mwaka, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya na kutokea upande wa uso.