Kazi Kubwa ya Kamaraj Ilikuwa Madras, si Delhi

Akitajwa K. Kamaraj, kiongozi wa chama cha Congress, husemwa kwanza kwamba ndiye aliyewaweka madarakani mawaziri wakuu wawili wa India: Lal Bahadur Shastri mwaka 1964 na Indira Gandhi mwaka 1966. Miaka yake 9 ya kuongoza jimbo la Madras, ambalo leo ni Tamil Nadu, huchukuliwa kama ngazi tu ya kufikia Delhi. Sikubaliani na hesabu hiyo hata kidogo.

Kamaraj alizaliwa Virudhunagar mwaka 1903, akafiwa na baba angali mdogo, akaacha shule na kwenda kuuza katika duka la nguo la mjomba wake. Mwaka 1930 alifungwa kwa kushiriki maandamano ya Vedaranyam ya kupinga sheria za Waingereza kuhusu chumvi. Vifungo vyake vyote chini ya Waingereza vilikaribia miaka 9. Aliposhika uongozi wa jimbo mwaka 1954, alikuta mpango wa mtangulizi wake, C. Rajagopalachari: watoto wa vijijini wasome nusu siku, kisha warudi kujifunza kazi za wazazi wao. Maana yake, mtoto wa dobi abaki dobi. Kamaraj aliufuta. Halafu, na hili nalistahi sana, wizara ya elimu akampa C. Subramaniam, yuleyule aliyegombea naye uongozi.

Lakini mtoto mwenye njaa haji shule hata ikiwa bure. Basi kuanzia mwaka 1956 wanakijiji wakachanga nafaka, serikali ikaongeza fedha, na watoto wa maskini wakala wali mchana palepale shuleni.

Wapo wanaosema wazo hilo halikuwa lake, kwani jiji la Madras lilishalijaribu miaka ya 1920. Ni kweli. Ila kulisha shule chache za mjini ni jambo moja, na kufika vijijini jimbo zima ni jingine. Ni kweli pia kwamba mwaka 1967 wapiga kura wa Virudhunagar walimwangusha, wakamchagua kijana kiongozi wa wanafunzi. Shule alizoziacha hazikufungwa kwa sababu hiyo.

Na huko Delhi? Shastri alifariki Januari 1966, kabla ya kutimiza miaka miwili. Indira alitofautiana na Kamaraj hadi chama chao cha Congress kikagawanyika mwaka 1969. Lakini chakula cha shuleni kilipanuliwa na M. G. Ramachandran, kiongozi wa Tamil Nadu wakati huo, mwaka 1982, na mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India ikaagiza kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe mlo uliopikwa.