Usikope Mashine ya Kudarizi Kabla Hujabadilisha Sindano

Wiki hii naweka pembeni mbolea na viwavijeshi, na najua wapo watakaouliza bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya uzi. Nimeingia kwa sababu fedha ni zile zile. Mahindi yakishauzwa, hela inayobaki ndiyo inayonunua shuka la harusi, vitambaa vya makochi na sweta la mtoto. Na vikundi vya akina mama ninavyovitembelea kwa habari ya mahindi na kuku, vingi vina cherehani kwenye kona. Siku hizi vinaniletea andiko la mkopo, na ombi ni moja: mashine ya kudarizi ya kompyuta.

Nasema wazi, na atakayekasirika na akasirike: wengi wenu hamuihitaji. Mnahitaji sindano mpya.

Nikiomba kuona kazi ya kikundi, naletewa shuka ambalo ua lake limevuta kitambaa hadi kimejikunja kama uso wa mzee. Nikigeuza upande wa chini nakuta mafundo. Nikiuliza sababu, naambiwa cherehani ni ya zamani. Cherehani ile nyeusi ya miguu haina kosa lolote hapo. Ukichukua kitambaa kile kile ambacho hakijafuliwa, uzi ule ule na sindano ile ile butu, ukaviweka kwenye mashine ya mamilioni, utapata mkunjo ule ule, ila utaupata kwa haraka zaidi na ukiwa na deni.

Deni lenyewe tulielewe. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, lakini hairudishwi na mashine. Inarudishwa na wanakikundi, na mmoja akishindwa wenzake ndio wanaobeba. Sisi maofisa nasi tuna lawama yetu. Mashine inapendeza kwenye picha ya makabidhiano, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuitwa kukabidhi pakiti ya sindano.

Haya, tuanze na sindano. Namba kama 75/11 au 90/14 ni ukubwa mmoja ulioandikwa kwa mitindo miwili; 90 maana yake unene wa milimita 0.90. Kwa shuka na foronya tumia 75/11, na kwa kitambaa kizito panda hadi 90/14. Kama duka lina sindano za kudarizi zenyewe, chukua hizo, maana tundu lake ni kubwa na uzi hausagiki ukipita. Badilisha kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Najua wapo mafundi wanaoshona na sindano moja tangu Pasaka mpaka Krismasi, na hao ndio wanaolalamika kwamba uzi unakatika. Pitisha ncha juu ya ukucha, ikiukwaruza, itupe. Ukisikia sindano inagonga kitambaa, tap tap, badala ya kupenya kimya, itupe pia.

Uzi ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi, na hapa naongea na ninyi wafanyabiashara wa vijijini. Mnarudi kutoka mjini na rangi ishirini za uzi usio na namba wala jina, na mnawauzia akina mama kama uzi wa kudarizi kwa sababu tu unang'aa. Uzi wa kushonea sare, ule unaoonekana una manyoya ukiuinua kwenye mwanga, si wa kudarizi. Wa kudarizi ni laini, na mara nyingi ni namba 40. Kumbukeni namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwa hiyo 60 ni wa herufi ndogo. Rayoni inang'aa vizuri sana, lakini ikilowa inapoteza nguvu, na jiki inaila rangi. Poliesta inavumilia jua, kufuliwa na jiki. Kwa shuka litakalofuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa kwenye jua la Namtumbo, mimi sioni sababu ya kubishana.

Mtasema mteja wa kijijini anataka bei nafuu. Nimesikia hoja hiyo Lizaboni, nimeisikia Peramiho na Mbinga. Lakini huyo wa kijijini ndiye mwenye shuka moja la wageni, na ndiye analifua mara nyingi. Uzi ukichujia rangi nyekundu kwenye shuka jeupe, hatakuja kugombana na wewe dukani. Atanyamaza, na mwakani baada ya mavuno atamwagiza mtu anayekwenda Dar amnunulie. Piga hesabu yako mwenyewe: katika gharama ya shuka moja, uzi wa ua ni kiasi gani ukilinganisha na kitambaa? Hicho kidogo ndicho unachokibania. Kabla hujanunua katoni nzima, lowesha kipande cha uzi mwekundu na cha bluu, viweke katikati ya kitambaa cheupe na upige pasi ya moto. Ukiona alama, mrudishie muuzaji mzigo wake.

Kitambaa nacho. Pamba husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, poliesta haisinyai. Ukidarizi kabla ya kufua, kitambaa kitarudi nyuma na ua litabaki pale pale, na hapo ndipo mikunjo mingi inapozaliwa. Fua, anika, piga pasi, ndipo udarizi. (Sisi Ruvuma hata kulima pamba haturuhusiwi, kwa sababu ya funza mwekundu, kwa hiyo kila mita ya pamba inatufikia imeshalipiwa nauli. Ni vibaya kuiharibu kwa uvivu wa ndoo moja ya maji.)

Chini ya kitambaa weka gamu au stifu. Kwa shuka inatosha ile inayochanika ukimaliza. Kwa sweta, ambalo kwa baridi yetu ya Juni na Julai ndilo lenye soko, weka isiyochanika na uikate kuzunguka nembo, ibaki humo humo, kwa sababu sweta linavutika na nembo isiposhikwa itapinda. Gazeti acheni kabisa. Wino wake unahamia kwenye kitambaa. Kama gamu haipo, karatasi safi isiyoandikwa ni afadhali.

Kwenye cherehani nyeusi, teremsha meno. Kama haina kitufe cha kuyateremsha, yafunike kwa kibati chake. Toa mguu, weka urefu wa mshono sifuri. Halafu jambo ambalo naliona likisahauliwa karibu kila kikundi: hata kama mguu umeutoa, teremsha mkono wake wa nyuma. Usipouteremsha, visahani vinavyoukaza uzi vinabaki wazi, na ndiyo yale mafundo ya chini ambayo cherehani inasingiziwa. Fremu ya duara igeuze ili kitambaa kilale bapa juu ya meza ya cherehani, na pete ya ndani izungushie utepe wa pamba ili isiteleze. Kaza kitambaa kama ngozi ya ngoma, lakini usikivute kwa pembe baada ya kukifunga. Uzi wa juu ulegeze kidogo kuliko wa bobini. Ukigeuza jani au petali, uzi wa bobini uonekane katikati tu, kama theluthi moja, na pembeni uonekane wa juu.

Sikatai kwamba ipo siku mashine ya kompyuta ina haki yake. Kikundi chenye oda ya nembo mia kadhaa kwa shule mbili tatu kila Januari, chenye umeme wa kutegemewa na mtu anayejua kuandaa mchoro kwenye programu, hicho naweza kukiandikia barua mwenyewe. Kabla ya hapo, nendeni SIDO au VETA pale mjini mkaulize bei ya vipuri na nani anaitengeneza ikiharibika. Muuzaji wa mashine msimuulize hilo swali peke yake.

Kwa vikundi vilivyoniachia maandiko mezani: dariziini shuka moja kwa namna hii. Lifueni mara tano, lianikeni juani, msilipige pasi, kisha mniletee pamoja na fomu.