Mshale wa Mafuta na Lori Kuukuu

Dereva wa lori kuukuu ashukaye kwenye kivuko cha Likoni na shehena yampasa aijue tabia ya geji yake. Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipungua, boya hushuka, mkondo wa umeme uendao kwenye geji hubadilika, na mshale huteremka. Lakini lori likiinama mteremkoni, mafuta hukimbilia upande mmoja. Mshale hucheza na taa ya hadhari humetameta, hali kiasi cha mafuta ni kile kile. Mkono ukishika kutu, mshale husimama hata tangi likauke. Balbu nayo ikiungua, giza la taa si dalili ya mafuta tele.

Lori la dizeli likikaukiwa, hewa huingia katika mabomba. Kujaza tangi peke yake hakutoshi. Sharti hewa itolewe kwanza, na magari yaliyo nyuma yangoje. Basi geji na isomwe mahali tambarare, tangi lipimwe kwa ufito safi, mbali na moto, na mwendo wa kila tangi uandikwe daftarini. Tahadhari kabla ya hatari.